Boti za Tanga Zisizo na Maji: Siku Moja Düsseldorf

Wengi wenu mmeniuliza ni lini nitaandika juu ya ile safari ya Düsseldorf niliyoigusia juu juu, na kila mara nimesema kesho. Basi kesho imefika. Mnaokuja hapa kusoma habari za Python na hifadhidata peke yake mnaweza kuruka mpaka pale chini ninapozungumzia NMEA, sitanuna. Lakini mkivumilia mtaona kwamba boti mpya ya tanga siku hizi ni tarakilishi iliyowekewa mlingoti, na kwamba mambo yanayotuudhi sisi watunga programu yanawaudhi mabaharia vilevile.

Ilikuwa Januari 2025. Kazi ilikuwa imeniweka Köln kwa miezi mitatu, baridi kali, na jirani zao Düsseldorf walikuwa na maonyesho ya boti ambayo hufanyika kila Januari. Jina lake ni boot. Kwa Kijerumani neno hilo maana yake ni boti tu, si ile ya kuwasha kompyuta, ingawa mimi nilicheka peke yangu ndani ya treni. Yalianza 1969. Hudumu siku tisa, na mwaka huo (18 hadi 26 Januari) waliingia watu zaidi ya 200,000. Sasa angalia ramani: Düsseldorf haiko pwani. Bahari iko mbali huko Uholanzi. Boti huletwa kwa malori na nyingine hupandishwa kwa mto Rhine juu ya matishari, kisha winchi kubwa ya maonyesho, ambayo wenyewe wameipa jina la Big Willi, huziinua na kuziweka nchi kavu. Halafu zinaingizwa ndani ya kumbi. Nje theluji, ndani mazulia, na juu ya mazulia boti za mita 15.

Jambo la kwanza utakaloliona ni kwamba boti ya tanga ikiwa nje ya maji ni kitu kingine kabisa. Sisi tumezoea kuona nusu yake. Ukiwa gatini Mombasa au Lamu unaona mlingoti, staha na ubavu, basi. Kule imesimamishwa juu ya vyuma nawe unapita chini ya tumbo lake. Unauona mkuku: kipande kirefu kinachoshuka mita mbili hivi chini ya boti, chembamba kama ubawa wa ndege, na ncha yake imevimba kama torpido. Hiyo ndiyo farumi yao. Wazee wetu hupakia mawe au magunia ya mchanga chini ya jahazi ili lisipinduke; hawa wameiyeyusha farumi, wakaimimina kwenye kalibu na kuikaza kwa boliti nje ya boti. Risasi ina uzito wa kama mara moja na nusu ya chuma kwa ujazo uleule, ndiyo maana boti za bei kubwa zina mkuku wa risasi na zile za bei ya wastani zina mkuku wa chuma cha kusubu. Nilimwuliza muuzaji mmoja ni boliti ngapi zinazoshika mkuku wake. Akatabasamu, akaenda kumwita fundi. Fundi akafungua mbao za sakafu, akanionyesha zote, moja moja, kwa furaha ya mtu ambaye tangu asubuhi alikuwa akiulizwa rangi ya mito tu.

Milingoti yenyewe haikuwepo. Paa haliruhusu. Kuona boti ya tanga bila mlingoti ni kama kuona twiga bila shingo, lakini kwa mtu mwenye udadisi si hasara, maana macho yanabaki kwenye umbo.

Na umbo limebadilika sana. Boti za miaka ya 1970 zilikuwa nyembamba mbele na nyuma, kama samaki. Mpya zina tezi pana karibu sawa na katikati. Faida ni mbili: kuna nafasi ya vyumba viwili vya kulala huko nyuma, na boti huwa na nguvu zaidi ya kusimama upepo unapoilaza. Lakini boti pana ikilala, tezi huinuka, na usukani ulio katikati hutoka nusu nje ya maji. Nahodha anageuza gurudumu na boti haimsikii. Suluhisho? Weka sukani mbili, moja kila upande, kwa mshazari kidogo. Boti ikilala, usukani wa juu hauna kazi tena, lakini ule wa chini sasa umesimama wima ndani ya maji kama inavyotakiwa. Nilipoielewa hesabu hiyo nilibaki pale nyuma dakika kumi nimeinamisha shingo upande, mpaka mama mmoja akaniuliza kama ninaumwa.

Omo nazo zimenenepa. Mwaka 2011 Mfaransa mmoja, David Raison, aliingia kwenye Mini Transat, mashindano ya kuvuka Atlantiki mtu peke yake kwa boti ya mita 6.5. Boti aliichora mwenyewe na omo yake ilikuwa butu kama kiatu cha mtoto. Ukiitazama hutaamini inakata maji. Akashinda. Hoja yake ni kwamba omo pana hupanda juu ya wimbi badala ya kulichimba, na boti ikilala, upana ule wa mbele huisaidia kusimama. Tangu hapo wanamashindano wameiga, na kule ukumbini niliona hata boti za familia zimeanza kutoa mashavu. Hii ndiyo aina ya hadithi ninayoipenda katika ufundi: kitu kinabaki na sura ileile miaka mia kwa sababu kila mtu anajua boti nzuri inafananaje, halafu mmoja anapiga hesabu upya.

Tuje kwenye hali ya ukumbini, maana hiyo ndiyo hasa mliyouliza.

Kwenye ngazi ya kila boti kuna kikapu cha viatu. Unavua, unapanda na soksi. (Ushauri wa bure: ukienda, vaa soksi zisizo na tundu.) Juu kuna foleni ya wazee. Sisemi hivi kwa dharau, ila wengi niliowaona walikuwa na mvi, mume na mke, wameshikana mikono. Na hawafanyi unalolitarajia. Hawashiki usukani. Wanashuka moja kwa moja chini, wanafungua friji, wanafungua kabati, wanaingia chooni na kukaa ili waone kama magoti yanafika mlangoni, kisha wanalala kitandani, chali, pamoja, bila kusema kitu, wakitazama dirisha la darini. Nilifungua mlango wa chumba cha mbele kwenye boti moja nikawakuta wawili wamelala hivyo. Tukaombana radhi kwa lugha mbili. Kwa kweli ilinigusa. Walikuwa wanajaribu uzee wao, wanaona kama utawatosha.

Bei? Boti ya familia ya mita 12 kutoka viwanda vikubwa vya Ufaransa au Ujerumani ilikuwa zaidi ya Euro 200,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 26 kwa kiwango cha mwezi ule, kabla ya kodi ya Ujerumani ya asilimia 19. Na hiyo ni bei ya kuanzia. Nilipewa orodha moja ya nyongeza yenye kurasa nyingi, nikaisoma kwenye treni usiku kama riwaya. Nanga ilikuwa kwenye nyongeza. Nanga! Ni kama kuuziwa gari, kisha breki ziwe hiari.

Lakini wauzaji walikuwa wachangamfu kupita kiasi, na mtu akichangamka kupita kiasi jua biashara imelala. Wakati wa korona maonyesho ya 2021 na ya 2022 hayakufanyika, hata hivyo watu wenye fedha walinunua boti kwa wingi, maana baharini hakuna wa kukuambukiza. Viwanda vikawa na foleni ndefu. Kisha Julai 2022 Benki Kuu ya Ulaya ikapandisha riba kwa mara ya kwanza baada ya miaka 11, mikopo ikawa ghali na foleni ikakatika. Kampuni ya Beneteau, ambayo ni miongoni mwa wakubwa wa kazi hii, mapato yake ya 2024 yalishuka kwa karibu theluthi moja. Muuzaji mmoja kijana aliniambia kwamba miaka mitatu nyuma alikuwa akiwaambia wateja wasubiri, na sasa yeye ndiye anayewasubiri. Watu walikuwa wengi kweli, wamejaa, lakini mikono ilikuwa mifukoni.

Na mimi? Kwenye boti moja kubwa kijana wa ngazini aliniuliza kama nina miadi. Wale wawili waliokuwa mbele yangu hakuwauliza, na wa nyuma yangu pia alipita. Nikamwambia sina miadi ila nina soksi safi. Akacheka, nikapanda. Boti kubwa zina harufu ya resini na ngozi mpya, na hakuna zaidi la kusimulia.

Jambo lililonishika siku nzima lilikuwa lingine, na nililibeba kutoka nyumbani. Mjomba wangu ni nahodha na mvuvi Kizingitini, kisiwa cha Pate. Ana mashua ya tanga aliyoachiwa na babu. Wakati ule alikuwa na mawazo ya kuuza tanga na foromali, achukue mkopo, anunue injini kubwa ya nje na amalize maneno. Si kwamba amechoka na upepo. Amekosa watu. Vijana waliokuwa wakienda naye wengine wako kwenye bodaboda, wengine wanatafuta vibarua bandarini, na siku nyingine anabaki na wawili. Alipojua naenda kwenye maonyesho ya boti za tanga aliniambia, "Mwanangu, hebu waulize hao Wazungu, wao hubisha na watu wangapi?"

Kwa ndugu zangu wa bara: chombo cha tanga hakiwezi kwenda moja kwa moja upepo unakotoka. Kinakwenda kwa pembe, kipande hiki halafu kipande kile, kulia, kushoto, mpaka kifike. Huko ndiko kubisha. Sasa tanga letu la pembetatu limefungwa kwenye foromali, mti mrefu wakati mwingine kuliko chombo chenyewe, na kila ukigeuka inabidi foromali ipelekwe upande wa pili wa mlingoti. Si kazi ya mtu mmoja. Mmoja yuko kwenye usukani, wengine kwenye foromali, mwingine anashika demani, na upepo ukiwa mkali kuna wa kwenda kukaa kwenye ubao uliotokezwa nje ya ubavu ili uzito wao uizuie mashua isilale. Ukiwatazama wakifanya vizuri ni kama ngoma. Ukiwa na watu wawili si ngoma tena, ni hatari.

Basi nikaenda kuuliza. Kwenye boti za Hanse za Ujerumani tanga dogo la mbele linapita lenyewe kutoka upande mmoja kwenda mwingine juu ya reli iliyopinda mbele ya mlingoti. Tanga kubwa linashikwa na mti wa chini unaozunguka wenyewe. Kamba zote zimepitishwa chini ya staha mpaka nyuma, mkononi mwa mwenye usukani. Winchi za umeme zinavuta. Tanga lenyewe, ukilipia nyongeza, linajikunja ndani ya mlingoti kwa kubonyeza kitufe. Mkuku umechukua kazi ya wale wa kwenye ubao. Na usukani wa kujiendesha unashika njia bila kulala usingizi. Nikamwuliza muuzaji, kubisha anahitajika watu wangapi? Akanishika bega kama anayenipa siri: mmoja, na huyo mmoja anaweza kuwa na kikombe cha kahawa mkononi.

Nikatoka pembeni, nikampigia mjomba kwa WhatsApp, nikamwonyesha reli ile kwenye kamera. Akaitazama kwa makini, akaniambia niirudie, akaniambia nisogee karibu. Nikamweleza. Mtu mmoja, mjomba. Akanyamaza. Kisha akauliza, "Na huyo mmoja akianguka?"

Sikuwa na jibu la kumpa wakati ule, kwa hiyo nikaenda kulitafuta, na lilikuwepo kwenye ukumbi wa vifaa. Kuna kidude cha AIS unachokiweka ndani ya jaketi la kuokolea. Ukianguka majini jaketi linajaa upepo, kidude kinajiwasha, na kinaanza kutangaza ulipo kwenye masafa ya 161.975 na 162.025 MHz, ili boti yako na vyombo vingine vilivyo karibu vikuone kwenye skrini. Kuna bangili ambayo ukiwa mbali na boti inapiga king'ora na inaweza hata kuzima injini. Kuna kamera zinazotazama maji usiku. Ni vifaa safi, vimefikiriwa vizuri. Lakini usukani wa kujiendesha nao unaendelea kushika njia kwa uaminifu, na kama uko peke yako boti inakwenda zake. Vyote hivyo, nilivyoona mimi, vinajaribu kuchukua nafasi ya mtu wa pili anayepiga kelele na kugeuza chombo.

Nilipomweleza mjomba jioni alisema vizuri, lakini yeye hata akiwa na kidude hicho, huko nje ya Kizingitini nani ana skrini ya kukiona?

Haya, sasa wale wa NMEA, amkeni.

Vyombo vya boti vinazungumza lugha. Ya zamani ni NMEA 0183, na nawaambieni ni raha tupu. Ni maandishi. Biti 4800 kwa sekunde. Sentensi ya kawaida inaanza na alama ya dola, kwa mfano $GPRMC, kisha vipande vilivyotenganishwa kwa mkato: saa, kama GPS ina uhakika au haina, latitudo, longitudo, kasi, mwelekeo, tarehe. Mwishoni kuna nyota na tarakimu mbili za kuhakiki, ambazo ni XOR ya herufi zote zilizo kati ya dola na nyota. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuisoma kwa mistari ishirini ya msimbo. Mpya ni NMEA 2000, ambayo inapanda juu ya CAN, mtandao uleule ulio ndani ya magari, kilobiti 250 kwa sekunde. Ina kasi, ina plagi zisizoingia maji, waya mmoja unapita boti nzima na kila kifaa kinajichomeka. Safi. Tatizo ni kwamba ufafanuzi wa ujumbe wake unauzwa. Ukitaka kujua nambari fulani maana yake ni kina cha maji au joto la injini, lipa. Ndiyo maana kuna watu wa mradi uitwao canboat waliokaa wakisikiliza waya na kuufumbua ujumbe mmoja mmoja, na kuna Signal K, programu huria inayogeuza yote hayo kuwa JSON ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma kwenye kivinjari. Ongeza OpenCPN kwa ramani za bahari, ambayo ni bure, na Raspberry Pi, na una sehemu kubwa ya kile kinachouzwa pale kwa maelfu ya Euro.

Nilipowaambia hivyo watu wa kibanda kimoja cha skrini kubwa walinitazama kama mtu aliyekuja harusini na chakula chake.

Nilipanda boti moja ambayo haina swichi hata moja ya taa. Zote ziko kwenye skrini ya kugusa. Nikauliza, skrini ikifa usiku nawashaje taa ya choo? Kwa simu, akasema. Na simu ikilowa? Akasema kuna kisanduku cha dharura chini ya meza ya ramani. Mimi nimeandika programu za skrini za kugusa kwa miaka kadhaa na nawaambia kwa moyo safi: mikono yenye maji ya chumvi na skrini ya kugusa havielewani. Swichi ya kubonyeza ni uvumbuzi mzuri na bado haujapitwa.

Injini za umeme ziliniweka muda mrefu zaidi. Mjomba alitaka injini, kwa hiyo nikapiga hesabu. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu kWh 9, lakini injini ndogo ya nje hutumia vizuri kama robo yake tu, nyingine inapotea kuwa joto na kelele. Mota ya umeme hutumia vizuri zaidi ya asilimia 80. Torqeedo ya Ujerumani (ilianzishwa 2005, na mwaka 2024 ikanunuliwa na Yamaha) ina betri ya lithiamu ya kWh 5 yenye uzito wa kilo 37 hivi. Kwa hesabu hiyo betri moja ni sawa na kama lita mbili za petroli. Injini ya kawaida ya nguvu za farasi 15 ukiikaza inakunywa lita sita hivi kwa saa. Kwa hiyo kwa mvuvi anayekwenda mbali betri peke yake ni ndoto. Lakini kwenye boti za tanga kuna mchezo mzuri: upepo unapoisukuma boti, maji yanazungusha propela, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Mota ni ya kutoka na kuingia bandarini, tanga ni la safari. Huo ndio mpangilio ambao mjomba alikuwa nao tangu kuzaliwa kwake, kasoro mota.

Na petroli? Januari ile lita moja Nairobi ilikuwa zaidi ya shilingi 170. Kizingitini haifiki kwa bei ya Nairobi.

Karibu na kufunga nilikaa kwenye benchi na mzee mmoja Mjerumani anayekula soseji. Aliposikia natoka Kenya akafurahi, akasema miaka ya tisini alitia nanga Kilifi kwa wiki sita akiwa kwenye safari yake ya kuzunguka dunia. Anakumbuka asubuhi moja akitoka kwenye mlango wa bahari, upepo wa kusi, matanga yake yote juu, na chombo cha wavuvi kikampita kwa upande wa joshi, watu saba juu yake, mmoja akiwa anapika. Alikuwa na boti ya mita 11 na hakuweza kuwafuata. Nikamwuliza amekuja kununua boti mpya? Akasema hapana, mkewe alifariki, na hizi zote zimejengwa kwa watu wawili. Tukala soseji.

Nilirudi kwenye ukumbi wa kamba na vyuma, ambao nilikuwa nimeupita mbio asubuhi kwa sababu hauna kitu kinachowaka taa. Pale wavuta kamba wa kweli ndio waliokuwa wanatoa pochi. Nikamweleza mwenye kibanda, mama mwenye mikono migumu, mashua ya mjomba ilivyo: urefu, foromali, uzito wa tanga likilowa. Hakuuliza kwa nini. Alichukua karatasi akachora. Akasema boti ya namna hiyo haihitaji reli wala umeme, inahitaji msuguano upungue. Roda zetu, yaani yale magurudumu ya kupitishia kamba, ni za mti, na kamba ikilowa zinakaza. Zake zina gololi ndani. Ukifunga mbili kwa mpangilio wa nne kwa moja, unavuta kamba mara nne ya urefu, lakini mkono mmoja unafanya kazi ya karibu mikono minne. Hesabu ya darasa la fizikia tu. Nikanunua roda sita na mita 60 za kamba ya poliesta ya milimita 12, zilizobaki mwisho wa bunda, kwa bei ambayo haikufika hata ile ya nanga ya hiyari.

Forodha waliziangalia sana uwanjani Mombasa, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Tumezifunga pamoja, mjomba, fundi wa Kizingitini na mimi. Mchoro wa yule mama haukukubali ulivyo. Fundi aliugeuza, roda moja ikahamia chini ya mlingoti na moja ikaenda kwenye henza, na mti wa kushikilia ukabidi uongezwe. Sasa foromali inapandishwa na watu wawili pale ambapo zamani walihitajika wanne. Kubisha bado wanataka watatu, na upepo ukiwa mkali mjomba hatoki na chini ya wanne. Mkopo aliuchukua, ila wa injini ndogo, ya kumtoa na kumwingiza. Tanga halikuuzwa.

Nilimtengenezea pia kisanduku: Raspberry Pi, GPS ya bei rahisi, kipokezi cha AIS, OpenCPN, betri na paneli ndogo ya sola, vyote ndani ya chombo cha plastiki cha kuwekea chakula. Nilijivunia sana. Akakigeuza, akauliza kinafanya nini. Nikamwambia kinaonyesha meli kubwa zinazokuja, na kinaandika kila mahali mashua ilipopita. Akauliza, "Kila mahali?" Nikasema ndiyo. "Na pale ninapotega?" Ndiyo, na hapo. Akanirudishia.

Tukakubaliana hivi: kisanduku kinapokea tu, hakitangazi, na kumbukumbu ya njia inafutika chombo kikitia nanga. Mistari mitatu ya msimbo. Alitaka nimwonyeshe kwa macho yake inafutika, nikamwonyesha, akataka tena siku ya pili. Chumvi imekwisha kula plagi ya kwanza ya paneli, kwa hiyo mwenye kujua plagi inayodumu na inayopatikana Mombasa bila kuagiza ng'ambo aniandikie.